Mwaka wa Kukandika Nyumba ya Bibi

Fundi Side alikuja kunipimia chumba cha uani siku ileile shoga yangu Somoe alipofika kutoka Kiongoroni, kule deltani. Chumba chenyewe ni cha wageni, hapa kwangu Kibiti, nyuma ya jiko. Lipu ilikuwa imebanduka kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, dari imeshuka upande mmoja, na mlango ukiufunga unafunguka wenyewe. Nilitaka kitengenezwe kwa ajili ya Somoe, maana alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, anakwenda kupasuliwa hospitali ya Mchukwi, nami nilishaapa kwamba akitoka huko harudi deltani mpaka awe anaona sindano na uzi wake. Side ni kijana wa Dar, kofia kaigeuza kisogoni, simu haimalizi dakika bila kulia. Akapima, akagonga ukuta kwa kidole, akasikitika kama vile kafiwa. "Bi mkubwa, hapa kuna mambo mawili. Kuna vifaa, na kuna ufundi." Nikamwambia taja. Akataja vifaa, nikameza mate. Akataja ufundi, nikasimama. "We mtoto wee! Ufundi uwe ghali kuliko saruji na mchanga na mbao? Hiyo mikono umeiagiza Uarabuni?" Wala hakuudhika, alicheka tu. "Ufundi ndio wenyewe, bi mkubwa. Unanilipa changu, napiga kazi, tunamalizana."

Nyuma yangu, juu ya mkeka, Somoe akaanza kucheka. Alianza taratibu, mabega yakitikisika, mwisho akavua miwani akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Mwanaidi," akasema, "yaani mpaka leo, shoga yangu, bado tu unamalizana na watu?" Side alitutazama sisi vikongwe wawili, mmoja kanuna, mwingine anacheka, akaona hapa hapana biashara kwa leo. Nikamwambia arudi kesho. Nikabandika chai, nikakaanga mihogo, tukakaa pale uani mpaka kivuli cha mnazi wa jirani kikahamia upande wa pili, na hatukuzungumza lolote isipokuwa mwaka ule. Nani alinizaa na imekuwaje nikalelewa na bibi, hayo tuyaache. Inatosha kwamba Bi Tausi, bibi yangu, ndiye mama yangu wa kweli, kwamba nyumba yake ilikuwa Kiongoroni kule karibu na bahari, na kwamba mwaka huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, napika chapati kwenye mgahawa mmoja hapa Kibiti, nalipwa kila mwezi, na najiona dunia yote nimeshaielewa.

Bibi aliteleza wakati wa mvua za vuli akavunjika nyonga. Akaletwa huku kwa mashua, akatibiwa, na alipotoka hospitali akawekwa kwa mwanawe, Mjomba Shomari, kwenye nyumba ya mabati kando ya barabara kuu. Chumba alichopewa kilikuwa kizuri, sisemi uongo: kitanda cha chuma, godoro, neti mpya. Lakini upande mmoja yalipangwa magunia ya korosho mpaka darini, na dirisha lilitazama barabara, basi kila lori likipita kuta zinatetemeka na kikombe kinacheza kwenye kisahani. Kila nikitoka kazini nampitia na chapati niliyomfichia kwenye kitambaa, namkuta amegeukia ukutani. Uji wa asubuhi uko vilevile, umeshafanya utando juu. Siku moja nikamuuliza, Bibi, unaumwa wapi? Akanijibu bila kugeuka, "Siumwi. Hapa nasikia magari tu, mwanangu. Nirudishe kwangu nikasikie watu."

Alasiri moja nilikuwa nimekaa miguuni kwake, pazia limeshushwa, nikasikia Mjomba na mkewe wakizungumza sebuleni. Mkewe, mwanamke mwema sana, alikuwa akisema mama hali, mama atatufia humu ndani watu watusemeje. Mjomba akajibu, "Nimrudishe wapi? Nyumba imelala chini ile. Masika yakiikuta vile itabaki kichuguu. Yupo mtu anakitaka kiwanja aweke banda la kukaushia samaki, mimi naona nimpe." Nilimtazama Bibi. Mgongo wake ulikuwa umekakamaa, nikajua naye kasikia. Sikusubiri hata kuvaa ndala. Nilitoka nikasimama mbele ya Mjomba nikamwambia nyumba ile nitaisimamisha mimi. Mjomba hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. Akanitazama toka juu mpaka chini na mikono yangu ya unga, akasema, "Haya. Isimame kabla ya masika, nitampeleka mwenyewe, nimbebe kwa mgongo wangu huu. Isiposimama, usinitie tena maneno." Kutoka chumbani tukasikia kitanda kikilia. Bibi alikuwa anajigeuza.

Kesho yake nikikanda unga nilipiga hesabu kichwani. Kiongoroni nyumba haisimamishwi na fundi. Mwenye nyumba anapita mlango kwa mlango, anaingia, anakaa, anakunywa maji ya watu, kisha anasema, nawaalika kwangu, nina ukuta umeanguka. Siku ikifika wanaume wanakuja na miti ya mikoko na kamba, wanawake wanakuja na ndoo na mitumbwi ya maji, udongo unakanyagwa, ukuta unakandikwa, watu wanakula, wanaondoka. Sisi tunauita mwaliko. Hakuna anayelipwa senti. Unachotoa ni chakula cha siku hiyo, na kuanzia hapo kila aliyetia mkono wake kwako nawe utakwenda kwake akikualika, mgongo ukuume usikuume, una mimba huna mimba, utakwenda. Mimi nikaona hiyo ndiyo gharama ya kutisha. Mchele wa kulisha kijiji, nazi, sukari, halafu tena nifungwe kwa wote hao mpaka naingia kaburini! Fundi ni mtu mmoja. Unamlipa, mnamalizana, kila mtu anashika njia yake. Nikajipongeza, nikaunguza na chapati mbili kwa furaha, mwenye mgahawa akanifokea.

Nikampata fundi Seif, mtu wa Ruaruke, mpole, nyumba zake za udongo zilikuwa zinasifiwa huko kote kwa wakulima. Akaja na vibarua wawili. Nikaomba ruhusa mgahawani, na nauli yao nililipa mimi, mpaka bandarini Nyamisati, na ya mashua juu. Tulishuka Kiongoroni maji yamejaa, mkondo uko karibu kabisa na uwanja wa nyumba, na nilipoiona nyumba moyo ulinipasuka. Ukuta wa nyuma ulikuwa chini wote, fito zimebaki zinaning'inia, makuti yamekaa kichwa upande. Chumba cha Bibi unakiona chote ukiwa nje: kitanda chake cha kamba, mtungi, na kikapu chake cha ukindu kikiwa bado kwenye msumari wake, na ndani mna kitana na kichupa cha mafuta ya nazi. Watu walikuwa mabarazani. Niliwasalimia wote nikipita, wakaitikia vizuri, wakamwuliza Bibi hali yake, nikasema hajambo, nikaendelea. Nilikuwa na kazi ya kusimamia, bwana. Seif na wenzake walisimamisha nguzo, wakafunga fito, wakachimba udongo mwekundu kule juu penye vichuguu, na ulipofika wakati wa kuukanyaga wakachota maji pale pale mlangoni, kwenye mkondo. Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo, nawapikia ugali. Kwao Ruaruke maji ya mto ni maji ya mto. Mimi niliyekulia pale, niliyefuata maji matamu kwa mtumbwi ng'ambo ya mkondo tangu sijaota meno ya pili, niliyatazama yale madumu yakijazwa na akili yangu ikaniambia tu kwamba kazi inakwenda haraka. Ukuta ulipokamilika ulikuwa umenyooka mpaka unang'aa. Nikamlipa Seif, tukashukuriana, wakapanda mashua, nikabaki kusubiri ukauke.

Haukukauka. Asubuhi unatoka jasho, mchana unatoa unga mweupe. Niliupitisha kidole nikaonja: chumvi tupu. Halafu ukaanza kubanduka, kwanza vipande vya ukubwa wa kiganja, kisha vya ukubwa wa sinia, na fundi wangu ndiyo hivyo tena, tumeshamalizana, yuko Ruaruke analima mpunga wake. Nilikuwa nimechuchumaa chumbani kwa Bibi nakusanya yale mapande wakati wanawake walipopita nyuma ya nyumba na ndoo zao kwenda kwenye mitumbwi. Sauti ya Bi Zena huwezi kuikosea, jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke aliyekuwa na neno kwa kila mtu na kila jambo. "Si nilisema? Maji ya mkondoni hayo. Hata masika hautayaona." Mwenzake akasema, "Ungemwambia." Bi Zena akajibu, "Ameuliza?"

Nilitokea palepale kwenye tundu la ukuta, udongo mpaka kwenye nywele. "Mlijua!" nikapiga kelele. "Mlijua nyote mkakaa mabarazani mnatazama!" Bi Zena alisimama, akaishusha ndoo yake taratibu, akasema, "Marahaba, mwanangu. Sisi hatujambo. Na wewe umeamkaje?" Wenziwe wakaangua kicheko wakaenda zao, nami nikabaki nimefura kama andazi. Mmoja tu hakuondoka. Alikuwa msichana wa rika langu, mrefu, mweusi tii, ana mwanya, nilicheza naye utotoni kisha nikamsahau. Huyo ndiye Somoe.

Hakunibembeleza. Aliniuliza, "Tangu ulipofika umekaa kwa nani?" Nikasema nimewasalimia watu wote. "Sijakuuliza kusalimia. Umeingia kwa nani ukakaa, ukasema Bi Tausi anataka kurudi? Sisi tumeona umeshusha fundi wa kulipwa na vibarua wake. Tukasema basi, Bi Tausi harudi tena, mjomba wenu anaitengeneza aiuze." Nikamwambia si kweli, naitengeneza arudi, asiporudi atakufa kule. Somoe akanitazama sana. "Mtu anayetaka kukaa hapa halipii ukuta, Mwanaidi. Anayelipia ni yule asiyetuhitaji tena. Tungekuingiliaje kwenye mambo yako?" Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa hasira kwanza, halafu kwa uchungu, na hela zangu za chapati zilikuwa zimekwisha zote. Nilipotulia nikamwambia basi nitawaalika kesho. Somoe akacheka, kicheko kilekile alichonacho mpaka leo. "Utamwalika nani wewe? Hujamkandikia mtu hata ukuta wa choo! Kesho tunakandika kwa mama yangu. Njoo na ndoo."

Nikaenda na ndoo. Na baada ya kwa mama yake Somoe nikaenda kwa mwingine, na kwa mwingine, maana majira hayo kila mwenye ukuta dhaifu anawahi masika. Kazi ya kukandika anayeijua ni aliyeifanya. Unatoka na mtumbwi maji yakiwa yanajaa, unachota visimani, unarudi kabla hayajapwa la sivyo unakwama kwenye matope na maji yako. Unakanyaga udongo mpaka mapaja yanawaka, kisha unaubonyeza kati ya fito, wewe nje mwenzako ndani, mkitazamana kwenye nafasi ya vidole. Vidole vyangu vilichanika, kumbe unga wa ngano ulikuwa unanidekeza. Bi Zena alikuwa hakosekani popote. "Mpishi wa chapati huyo! Sukuma, mwanangu, sukuma, usiogope, huu hauungui!" Nilimchukia siku ya kwanza. Siku ya tatu nilimjibu, "Bi Zena, ungekandika kwa mdomo tungekuwa tumemaliza jana," na watu wakacheka mpaka mmoja akaangusha ndoo, na yeye mwenyewe akacheka kuliko wote. Tangu hapo akawa ananiwekea nafasi karibu yake wakati wa kula.

Ninachokumbuka zaidi ni vyumba vya watu. Ukienda kukandika unaingia mpaka ndani, hakuna sebule wala heshima ya mgeni, unaona wapi mtu analaza watoto wake na wapi anaficha mchele. Nyumba moja ilinukia udi hata penye banda la kuku. Nyingine mzee alikuwa kitandani, tukamkandikia ukuta yeye akiwa humohumo, anatuelekeza kwa fimbo, hapo pana tundu, hapo pana tundu jingine. Mchana tunakula bada, ule ugali wa muhogo, na kamba wa nazi kwenye sinia moja, mikono ina udongo hata ukinawa, na mazungumzo yanaanza. Hapo ndipo nilipokuwa nikiulizwa habari za Bibi, nami nikawa nazisema zote: magunia ya korosho, magari, uji usionyweka, kuugeukia ukuta. Mama mmoja aliweka tonge lake chini, akasema, "Tausi augeukie ukuta? Yule aliyekuwa akilala mlango wazi asipitwe na maneno?" Nikajua wananielewa.

Siku nazo zinakwenda. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa bahari kila alasiri, halafu yanatawanyika. Nahodha wa mashua akaniletea salamu za Mjomba: anauliza imefika wapi, na yule mtu wa banda la samaki naye anauliza. Hapo nikaona siwezi kungoja tena. Nikapita mlango kwa mlango. Niliingia, nilikaa, nilikunywa maji, nikasema, nawaalika kwangu, nina ukuta umeharibika. Wengine walisema inshallah, wengine walisema tutaangalia, na neno tutaangalia lilininyima raha kabisa. Chakula nilichokuwa nacho kilikuwa muhogo, kamba wakavu na nazi nilizopewa na mama yake Somoe. Sukari sikuwa nayo hata ya kulamba.

Asubuhi ya mwaliko niliamka nikachemsha sufuria kubwa ya chai, nikakaa mlangoni. Jua likachomoza, likapanda, uwanja mtupu. Ukuta wangu wa chumvi uko nyuma yangu unamwaga unga. Nilijiambia, Mwanaidi, umechelewa, ulishawaonyesha kwamba huwahitaji na wao wamekusikia. Nilikuwa nimeshaanza kuufunika moto niliposikia kikohozi. Alikuwa Bi Zena, peke yake, kajifunga khanga kiunoni, jembe begani. "Chai iko wapi?" Nikammiminia. Akaonja, akakunja uso. "Alaa! Sukari je?" Nikamwambia, Bi Zena, sina. Akaitazama chai, akanitazama mimi, akainywa yote mpaka chini akanirudishia kikombe. "Nimekwenda kwenye mialiko tangu sijavunja ungo," akasema, "sijapata kunyweshwa dawa. Haya, tuuangushe huu uchafu." Akaupiga ule ukuta jembe la kwanza.

Kumbe wenzake walikuwa mitumbwini. Walikuwa wamengoja maji yajae, wamekwenda moja kwa moja visimani kabla ya kuja kwangu, na mimi, niliyejifunza mengi mwezi ule, hilo lilinipita tena! Nilisikia makasia kwanza, kisha nikaona madumu, kisha Somoe amesimama mbele ya mtumbwi wa kwanza anapiga vigelegele. Kaka zake wakaja na miti ya mikoko. Wanaume wakakwangua chumvi yote wakaitupa mkondoni ilikotoka, wakafunga fito upya, wakainua paa. Wanawake tukakandika. Bi Zena alilalamika habari ya sukari mpaka jua linashuka, kila anayefika anasimuliwa upya, na hakutoka kwenye udongo hata mara moja. Pembe ya chumba cha Bibi, kule kichwani kwa kitanda, niliomba niachiwe mwenyewe. Somoe alikuwa upande wa nje. Tulipoziba nafasi ya mwisho kati yetu alinitolea ulimi.

Mvua zilipoanza, ukuta ulikuwa umekauka sawasawa, ukiugonga unaitika. Mjomba alitimiza ahadi yake. Alimleta Bibi kwa mashua, akashuka kwenye maji mpaka magotini, akambeba mgongoni kama alivyosema, na watu mabarazani wakasimama wakawa wanamwita kwa majina yake yote. Alipowekwa kitandani hakusema ahsante. Alinyoosha mkono akapapasa ukuta, akaenda nao mpaka penye pembe, mkono ukasimama hapo. "Pembe hii kakandika nani? Imepinda." Nikasema mimi. Akaipapasa tena. "Nani walikuja?" Nikamtajia mmoja mmoja, naye anaitikia kila jina kwa kichwa. "Na Zena?" Nikasema huyo alikuwa wa kwanza, na alikunywa chai isiyo na sukari. Bibi alicheka. Tangu aanguke sikuwa nimemsikia akicheka. Kisha akasema, "Nigeuzeni bwana, nitazame mlangoni," tukamgeuza, mimi na Mjomba, na Mjomba akatoka nje haraka akasimama kwenye mvua kidogo.

Masika yaliyofuata nilikuwa nimeshaposwa, nikaolewa nikarudi huku Kibiti. Lakini kila mwaka, mvua zikikaribia, nilimpa nahodha hela ampelekee Bibi, na ujumbe ni uleule: hii ni ya ufundi wa ukuta. Nilikuwa na mume, nina watoto, nina biashara ndogo, ningekwendaje kukanyaga udongo? Bibi aliishi miaka mingi, akafia kwenye kitanda kile kile, na nyumba yake haikuanguka tena. Nami miaka yote hii nimekuwa nikisema mbele za watu, kwa kujivuna kidogo, kwamba nyumba ya bibi yangu niliitunza mimi.

Hata siku ile, pale uani, baada ya kucheka yote hayo, nilimwambia Somoe hivyohivyo. "Nicheke utakavyo, lakini mwaka ule nilijifunza. Na nilipoolewa sikukaa bure, nililipa ufundi kila mwaka." Somoe akatafuna muhogo wake akameza. "Ulimlipa nani?" Nikamwambia si nyinyi! Si nilikuwa namtuma nahodha? "Hela ilikuwa inafika," akasema. "Bi Tausi ananiita, ananipa, anasema, nenda kanunue sukari, nunua mchele na nyama, watu wale vizuri, wasije wakanisema kama mwaka ule wa Mwanaidi. Bi Zena alikuwa anatia vijiko vinne kwa makusudi." Nikauliza, na ufundi? "Ufundi gani? Tulikuwa tunakuja tu." Kila mwaka? "Kila mwaka, mpaka tulipomzika." Nilikuwa nimeshika birika nikaliweka chini. Nikasema, Somoe, lakini mimi sikuwepo. Sikwenda kwenu, sikumkandikia mtu, mlikuwa mnakuja kwa hesabu gani? Alinitazama na yale macho yake yenye ukungu, sijui alikuwa anaona nini. "Nani alikuwa anapiga hesabu? Tulisema, Mwanaidi yupo Kibiti, siku moja atakuja. Ndiyo maana nakucheka. Wewe na sisi hatujamalizana hata kidogo, shoga yangu."

Nilimshika mkono, ule mkono wenye mishipa kama kamba, nikalia mbele yake kwa mara ya pili maishani, na safari hii hakukuwa na hasira ndani yake. Nilikuwa na furaha, ndiyo hiyo tu. Miaka yote nilidhani sina tena changu kule.

Side alirudi asubuhi. Tulibishana, nikapunguziwa kidogo, nikakubali. Mikono yake ndiyo shamba lake, na lipu yake, nikubali nisikubali, imenyooka. Ila nilimwambia saa ya kula hatakwenda kwa mama ntilie, atakula hapa pamoja na sisi, na Somoe akamweka chini akamhoji ni mtoto wa nani mpaka ikajulikana kuwa bibi yake mzaa mama ni mtu wa Rufiji. Sasa anapita hata siku isiyo na kazi, anauliza kama mlango bado unafungika. Somoe ametoka Mchukwi, jicho la kwanza limefunguliwa kitambaa, jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba nimezeeka vibaya. Jana nikamuuliza, kwako mnakandika lini? Akasema kabla ya masika, ukuta wa nyuma, ule unaotazama mkondo. Nikamwambia nakuja na ndoo yangu. Alinigeukia, akayatazama magoti yangu kwa lile jicho jipya, akatikisa kichwa.

"Njoo," akasema. "Ila safari hii lete na sukari."